Nilivyoteleza Mbele ya Kamati ya Uwanja wa Gofu

Jamani, kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzikimbia, akahama mtaa, akabadilisha namba ya simu, yakaisha. Yangu haikimbiliki, kwa sababu imo kwenye simu za watu kuanzia hapa Kihesa, Iringa, mpaka mtaa wa Soweto kule Mbeya, na aliyeirekodi ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtaambiwa niliangusha hema (sikuangusha hema, hema liliyumba tu, na likarudi mahali pake).

Mimi ni fundi cherehani. Ni Mnyakyusa wa Mbeya niliyeolewa Iringa, na kwa miaka kumi na tano nimekaa kwenye kile kiti changu nikishona sare za shule, mpaka mgongo ukaanza kupinda na goti la kushoto likawa linaniachia bila taarifa, nikishuka ngazi nashika ukuta, nikivuka mtaro naita mtu. Siku moja akaja mteja kupunguziwa suruali kiunoni, mzee mwembamba anaitwa Mwalimu Kikoti, ambaye ujanani alikuwa akibeba mifuko ya wacheza gofu kwenye mashamba ya chai, akajifunza kwa macho, akaja kucheza, na sasa anafundisha. Akanitazama ninavyokwenda kuchukua tepu ya kupimia, akasema, "Mama Upendo, mbona unatembea kama unavuka mto? Njoo uwanjani Jumamosi." Nikacheka sana. Gofu! Mimi gofu niliiona kwenye televisheni tu, nikajua ni mchezo wa watu wanaoongea polepole.

Lakini nilienda, na nilikuta wanawake wengine watano, na mwezi mzima Mwalimu hakutupatia mpira. Alitusimamisha tu. Miguu imebanana, magoti yamelegea kidogo, halafu tunazungusha fimbo nusu, ile wanayoita swingi, kwenda na kurudi, bila kuyumba. "Swingi siyo mikono," alikuwa akisema kwa ile lafudhi yake ya Kihehe inayopanda na kushuka, "swingi ni nyayo. Ukiyumba wewe, mpira nao unayumba." Na ukishapiga unaganda hapo hapo, kifua mbele, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, mpaka mpira utue. Ukisogea kabla, unarudia. Goti langu mwanzoni lilikataa katakata, nikawa naganda kama kuku aliyelowa. Ila baada ya miezi mitano, Jumapili moja nilishuka ngazi za kanisani bila kushika ukuta, na mume wangu aliyekuwa ametangulia akasimama pale chini akinitazama kama siku ile ya harusi. Kisha akanipokea kitabu cha nyimbo nilichokuwa nacho mkononi.

Sasa, uwanja ule una kamati, na baadhi ya wajumbe walikuwa wamechoka na sisi. Walisema tunachimba nyasi, tunachelewesha wachezaji, tunacheka kwa sauti (hili la mwisho ni kweli). Mwenyekiti wao, Mzee Kalinga, mtu mpole lakini asiyebadilika, akamwita Mwalimu akamwambia kwamba Jumamosi ya bonanza la uwanja, wageni wacheza gofu wa kutoka Mbeya wakishafika, mmoja wetu asimame mbele ya watu aonyeshe tulichojifunza, na baada ya hapo kamati itaamua kama darasa liendelee au lifungwe. Wenzangu wakanichagua mimi. Siyo kwamba nilikuwa napiga mbali, hapana, nilichaguliwa kwa sababu mipira yangu ilikuwa inafanana, leo kama jana.

Dada yangu Tumaini, ambaye bado anaishi Mbeya, akapanda gari na wale wageni, akalala kwangu Ijumaa. Asubuhi tunakunywa chai akafungua begi, akatoa viatu vyeupe vya ngozi, vya mtumba lakini vizuri ajabu, vina kamba zinazong'aa. "Nimekuletea, mdogo wangu, usije ukanitia aibu mbele ya watu wa Mbeya na hayo maviatu yako ya shambani." Maviatu yenyewe yalikuwa meusi, yana meno chini, Mwalimu ndiye aliyenihangaikia mpaka nikayapata. Vile vyeupe chini vilikuwa laini kama sahani, na vilinizidi namba moja. Nikaviangalia. Nikamwangalia dada. Nikachana gazeti, nikakunja, nikajaza kwa mbele, nikavaa. Basi, uamuzi wenyewe ulikuwa huo, ulichukua muda wa kufunga kamba.

Mvua ilikuwa imenyesha, na tulipofika uwanjani nyasi zilikuwa bado zinatoa maji ukikanyaga. Mwalimu akaja kunisalimia.

"Kamwene, Mama Upendo. Umeamkaje?"

"Kamwene, Mwalimu. Salama."

Akatazama chini. "Hivyo vina meno?"

"Vina meno, Mwalimu."

Akainama kidogo kama anayetaka kuhakikisha, na mimi (mtu mzima, mama wa watoto watatu, mzee wa usharika) nikakandamiza nyayo chini kwa nguvu zote ili asione. Akasimama, akanitazama usoni, akasema, "Haya," akaenda.

Mahali pa kupigia palikuwa pameinuka kidogo, kama jukwaa la nyasi, na chini yake, kwa pembeni, ndipo walipoweka hema la wageni, viti vya plastiki, na meza kuu iliyotandikwa kitambaa cheupe na chupa za maji na maua. Mshereheshaji akanitambulisha kwa mbwembwe nyingi, akasema mnamwona mama huyu, alikuwa hawezi kushuka ngazi, leo atatuonyesha siri ya kusimama imara! Kisha akaniwekea kipaza sauti mdomoni nieleze. Nikaeleza. Nikasema, na sauti yangu ikasikika mpaka barabarani, "Jambo la kwanza katika swingi ni viatu na nyayo." Nilisema hivyo mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Nikasimama kwenye mpira. Nikasikia mguu wa kushoto unacheza ndani ya kiatu, na kiatu chenyewe kinacheza juu ya nyasi. Pale ningeweza kusema samahani, nibadilishe. Badala yake nikajiambia nikipiga kwa nguvu itapita haraka, na pia dada alikuwa amenyanyua simu anapaza sauti, "Piga, mdogo wangu, waonyeshe!" Nikainua fimbo mpaka ikapita bega, juu kuliko nilivyowahi kuinua maishani, nikaishusha kama napasua kuni.

Mguu wa kushoto ukaenda peke yake. Fimbo ikanitoka, ikapaa ikizunguka, ikagonga nguzo ya hema, na hema ndipo lilipoyumba, wageni wakainama wote kwa pamoja kama kwenye sala. Mimi nilizunguka nusu, nikakaa chini kwa kishindo, na kwa kuwa palikuwa na mteremko na nyasi zimelowa sikukaa tu, niliendelea na safari, nikateleza kwa makalio taratibu, yaani taratibu kiasi cha kuwaona watu usoni mmoja mmoja, huku nikimwita mama yangu kwa Kinyakyusa, na mshereheshaji alikuwa kanifuata na kipaza sauti mkononi, hivyo mama yangu aliitwa kwa spika mbili kubwa. Nilipofika kwenye meza kuu nikashika nilichokiona, nacho kilikuwa kitambaa. Kikaja chote. Chupa zikaja, maua yakaja, maji yakamwagikia viatu vya Mzee Kalinga.

Na nilipojaribu kuinuka nikasikia *krrrr*. Suruali. Suruali niliyoishona kwa mkono wangu, mshono wa nyuma, kutoka kiunoni kushuka chini. Fundi cherehani, jamani! Kule juu kiatu kimoja cheupe kilikuwa kimebaki peke yake, gazeti limechungulia mdomoni.

Watu wakacheka, na siwalaumu, hata ningekuwa mimi ningecheka. Dada Tumaini akakimbia akanifunga kitenge chake kiunoni, machozi yanamtoka na sikujua ni ya kucheka au ya kulia, nadhani na yeye hakujua. Nikawaona wenzangu watano wa darasa wamesimama pamoja, hakuna aliyecheka hata mmoja, na hapo ndipo iliponiuma kweli kweli. Mzee Kalinga akajipangusa maji, akasema kwa upole wake, "Tumeona. Asante, mama." Ile *tumeona* ilikuwa kama mlango unafungwa.

Nikageuka niondoke. Mwalimu Kikoti alikuwa amesimama mbele yangu, ameokota ile fimbo.

"Vua na hicho kingine," akasema.

"Mwalimu, nisamehe, nilikudanganya."

"Najua ulinidanganya, nina macho. Vua."

Nikavua. Nyasi zilikuwa baridi mpaka nikashtuka. Akanipandisha tena pale juu, pekupeku, kitenge cha dada kiunoni, akaniambia polepole nibane miguu kama mwezi ule wa kwanza, fimbo nusu tu, nisimwangalie mtu. Nyayo, ajabu, zilikuwa zimetulia. Nilizisikia zote mbili, vidole na kisigino. Nikazungusha. Nikasikia ule mlio mdogo mzuri ambao mpira ukigongwa katikati hutoa, ukaenda mbele moja kwa moja, siyo mbali, labda hatua sitini, nami nikaganda mpaka ukatua. Hakuna aliyepiga makofi. Baadaye waliniambia walikuwa wanasubiri kwanza kuona kama nitaanguka.

"Mara moja ni bahati," Mwalimu akasema. "Rudia."

Nikarudia. Ukaenda pale pale. "Rudia." Wa tatu ukaenda ukaugusa ule wa pili, mipira mitatu imelala pamoja ungeweza kuifunika kwa mkeka mmoja. Hapo makofi yalipigwa, na aliyeanza alikuwa mmoja wa wale wageni wa Mbeya, mwanamume mkubwa ambaye dakika tano kabla alikuwa amejificha chini ya kiti. Mzee Kalinga hakupiga. Aliitazama ile mipira, akanitazama miguuni, akasema, "Tutawajulisha."

Siku tatu sikutoka nje. Video ilikuwa imeshasambaa (dada aliituma kwa mtu mmoja tu, anaapa, mmoja tu), na wateja wakaanza kuleta suruali wakiuliza kwa heshima zote kama nyuma naweza kupitisha cherehani mara mbili. Nilikuwa nimeamua kuacha gofu. Nilimwambia mume wangu hivyo, akanijibu sawa, akaendelea kula, lakini nilimwona ameacha nyama.

Alhamisi akaja Mama Sanga. Huyu ni jirani yangu, muuguzi mstaafu, ambaye aliteleza bafuni miaka miwili nyuma akavunjika nyonga, na ingawa ilipona, tangu siku ile hakutoka nje ya geti lake bila kushikwa mkono na binti yake. Binti akamkalisha kwenye benchi langu. Nikajua amekuja kunipa pole.

"Nimeiangalia ile video mara nne," akaniambia.

"Mama, hata wewe?"

"Wengine wanaangalia ulivyoanguka. Mimi naangalia ulivyoinuka. Uliweka goti gani kwanza?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Ikabidi nikae chini sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa, niinuke tena mbele yake ili tuone wote wawili, na lilikuwa la kushoto, lile lile baya. Nikainuka mara mbili zaidi maana alitaka kuhakikisha. Akamgeukia binti yake akasema, "Umeona? Inawezekana." Kisha akaniuliza darasa linaanza saa ngapi.

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba huenda hakuna darasa, wala kwamba mimi nimeacha. Nikasema saa tatu.

Barua ya kamati ilikuja baada ya wiki mbili, mistari minne tu, kwamba darasa la kina mama liendelee mpaka mwisho wa mwaka halafu litazamwe upya, na kwamba tujitahidi kupunguza kelele. Mwalimu alitusomea mara mbili, tukapiga kelele. Sasa hivi tuko kumi na mmoja, watano wapya. Wanne kati ya hao wapya wamenieleza wazi kabisa kwamba walikuwa wanaogopa kuchekwa, ila baada ya kuniona mimi wakajua wao hawatafikia pale. Nimelipokea hilo kama sifa.

Na Jumamosi iliyopita Mama Sanga alichelewa. Saa tatu ikapita, na nusu ikapita, nikaanza kuwa na wasiwasi, nataka kupiga simu. Tukamwona anatokea kule kwenye miti, kwa miguu, peke yake, anakuja kwa hatua fupi fupi, na nyuma sana, kwa mbali, binti yake amejificha nyuma ya gari akidhani mama yake hamwoni. Tulimsogezea fimbo.

Mimi nimeapa, na nawaapia ninyi mashahidi, kwamba mtu anayeniuliza jambo kwa faida yangu mimi sitamdanganya tena, hata kama jibu lenyewe linanipunguzia urembo. Kuanguka naweza kuanguka hata Jumamosi hii, hilo silikatai. Uongo ndio nimeacha.