Farasi wa Majina Mawili

Mtunza farasi wa ranchi ile ya Wyoming hamtazami mgeni usoni. Kila Jumapili wageni wakishuka na kofia zao mpya, yeye hutazama viatu, halafu mikono, huku kijiti cha meno kikihama shavu hili kwenda lile. Darlene mpishi humwangalia kupitia dirisha la jikoni na anajua kitakachofuata. Mgeni mwoga hukabidhiwa farasi jike mweupe, mkongwe, anayesinzia huku akitembea. "Huyu ni Ua," humnong'oneza. Mwenye majigambo hupewa huyohuyo. "Huyu Radi. Akikushinda usinilaumu." Kisha hukaza mkanda wa tandiko mara mbili, taratibu, kama anayefunga mzigo wa baruti.

Wiki hii mgeni mmoja, Phyllis, alimpanda Ua Jumatatu, mumewe akiwa mtoni anavua samaki. Jumanne mume, daktari wa meno, akarudi kutoka mlimani jasho linamtiririka. "Umemwona huyu Radi? Ametaka kuniua mara tatu." Phyllis akamtazama yule farasi akipiga usingizi, akalitambua sikio lake lenye pengo. Kijiti cha mtunza farasi kikasimama. Dirishani, mwiko wa Darlene ukabaki hewani.

"Nimemwona, mume wangu. Mwingine angeshaanguka."

Daktari akaenda kuoga, kifua mbele. Phyllis akasogea karibu na uzio.

"Kesho, mzee, mimi nipe mwenye jina moja."

Mtunza farasi akatoa kijiti mdomoni, akamtazama usoni.