Siku Nne za Kwenda Kwetu

Leo Jumatatu, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Kishapu, nimepewa likizo nisiyojua pa kuipeleka.

Hapa Geita tunajenga ghorofa. Mafundi tulichoka hadi wawili wakashikana mashati kwa sababu ya ndoo ya zege. Msimamizi wetu mpya, binti Neema, akabadili utaratibu: kila mwezi kila fundi atapata siku nne za kwenda kwao.

Asubuhi alipita na orodha.

"Shikamoo, mzee. Kwenu wapi?"

"Marahaba. Kwetu hapahapa."

Mafundi wakaangua kicheko. "Hapa hakuna mwenye kwao Geita, mzee! Wote tumefuata kazi!"

Kwa aibu nikataja Kishapu.

Akaandika, akatabasamu. "Utusalimie huko."

Nimsalimie nani? Wazazi walishafariki, ndugu wakahama, na boma letu limebaki mstari wa minyaa ya uzio tu.

Mchana nikamwomba anifute, nibaki nipige lipu.

"Haiwezekani, mzee. Lazima upumzike."

Ana nia njema, sikubishana.

Ninyi mngefanyaje, ndugu zangu?

Mimi siku hizo nitakaa chumbani kwangu, hapahapa Geita. Kishapu sirudi.