Mimea ya Chupa Niliyoilea Imemkimbiza Mke Wangu

Mhariri, jina langu lifiche, ingawa hapa Heru Juu hata mbuzi watajua ni mimi. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, nimesoma hadi darasa la nne nikaona panatosha. Wapwa wangu huniita Mjomba, na siku hizi kijiji kizima huniita hivyo. Kahawa yangu ikiwa na maua, nyuki hutoka Burundi. Mkono wangu haujawahi kupanda kitu kikakataa kuota, na hili silisemi kwa majivuno, ndivyo lilivyo.

Kwa sababu hiyo Mzungu mmoja anayefundisha kilimo Kibondo, alipokwenda kwao likizo, aliniachia mimi mimea yake na si mtu mwingine. Ilikuwa midogo kama kucha, imeota ndani ya chupa juu ya kitu cheupe kama uji ulioganda. Alisema walioiotesha kwao waliikata kutoka kwenye kipande cha jani, na kwamba ikikua hunasa wadudu kwa utomvu wake na kuwala. Akanielekeza: niitoe kwa kijiko, niioshe mizizi mpaka ule uji uishe wote, niipande kwenye mchanga uliooshwa pamoja na yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe ya kijito. Maji ya mvua tu. Mbolea nisitie hata chembe, hiyo ni sumu kwayo. Kisha nifunike kila chungu kwa bilauri, niinue ukingo kidogo kidogo kwa njiti ya kiberiti, kila siku chache hewa izidi, mpaka izoee. Ukifunua ghafla inanyauka mchana huohuo. Nilifanya yote, wala hapakufa hata mmoja.

Sasa kosa. Kilabuni kwenye pombe ya ndizi watu waliniuliza, "Mjomba, hayo majani yako yanakula nini?" Ningesema mbu, nani angenisikiliza? Nikasema yalianza na panya, juzi yakamvuta mwanambuzi, nikamshika kwato nikamtoa hana unyoya hata mmoja. Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. Nikalala na furaha yangu.

Mke wangu, Mama Ezra, alikuwa na kichanga chetu cha mwisho, bado hajatolewa nje kupewa jina. Habari ilimfikia kisimani ikiwa imenenepa njiani. Akarudi, akaweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja barazani, akainua bilauri. Kijidudu kikatua juu ya jani kikanasa. Alisimama palepale akikitazama kikipigapiga mabawa. Jioni alipoinua tena mbele yangu, jani lilikuwa limejikunja juu yake.

"Baba Ezra, linamkumbatia," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo kazi yake. Yafunike basi, hewa itayaua. Hayo ni kama mtoto mchanga."

Hapo nilijimaliza mwenyewe. "Unamlinganisha mwanangu na jani linalokula nyama? Na unaliweka hapa barazani, hatua chache tu na anapolala?"

Niliapa kwamba habari ya mbuzi niliitunga. Akanijibu, "Unasema hivyo kwa sababu nimeogopa." Kulipopambazuka alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao Kasanda.

Nikamfuata kwa lori mpaka Kibondo, mbele nikatembea. Wakwe walikuwa wamekaa wote. Baba mkwe aliletewa pombe, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi ili mgeni ajue haina kitu, akanipa. Nikasimama mbele yao nikasema nilidanganya. Shemeji yangu akacheka kwa dharau: "Shemeji, ulisema uliuona mwezi umeangukia ziwani ukauvua kwa wavu, tukakuacha. Simba ulimfunga kwa mkanda, tukakuacha. Hili dada ameliona kwa macho yake likila, ndilo ulikane?"

Jamani, miaka yote nasema na hawaniamini. Hili moja ndilo wamelibeba!

Baba mkwe akasema, "Mkwe wangu, mwenye pombe huonja kwanza. Kizingiti chako tumeapa hatukivuki. Leta vyungu hapa Kasanda, vifunue, uweke mkono mtupu juu ya majani mbele ya ukoo mpaka tushibe kutazama. Mkono ukitoka salama, binti yangu ataondoka nawe. Usipoleta kabla maharage hayajavunwa, mtoto tutamtoa nje sisi na jina tutampa sisi." Mama Ezra alikuwa mlangoni anasikia. 

Wasomaji, bilauri bado sijaziondoa kabisa, mimea haijazoea hewa. Vumbi la barabara ile na jua la juu ya lori vitaimaliza yote kabla ya Kibondo, na vitu vilivyokufa havitathibitisha chochote. Watasema niliviua ili nifiche. Mwenyewe Mzungu hatarudi kabla ya mavuno, na ndiye mtu wa kwanza kunikabidhi kitu chake bila kucheka. Na liko lingine, la aibu, ambalo hata Mama Ezra halijui. Mimi mwenyewe sijawahi kuyagusa kwa kidole kitupu. Nilipanda kwa kijiko. Nikiyatazama asubuhi yakimetameta na ule umande wake, hadithi yangu inanirudia mimi mwenyewe, mkono unakataa.

Niyapakie nikayaue njiani ili nimrudishe mke wangu? Niwaombe wakwe waje wao huku, nao wameshaapa hawavuki kizingiti changu? Au ningoje Mzungu arudi, mwanangu aitwe jina ambalo sikulichagua? Maganda ya maharage shambani yameshaanza kuwa ya njano. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?