Koili za Baba

Baba yangu alikuwa fundi redio. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda upande wa Busisi, jirani na kivuko, na wateja wake wengi walikuwa watu waliosubiri pantoni. Msafiri alishuka na redio yake iliyokata sauti, akamwachia Baba, akaenda kunywa chai. Akirudi anaikuta inaongea. Redio zilipopungua Baba alihamia kwenye spika, chaja na taa za sola. Kisha daraja likafunguliwa, magari yakaacha kusimama. Silisemi kwa ubaya, hata mimi nikilipita nashukuru. Ila Baba alikaa kibandani wiki kadhaa akiyaangalia magari yanapita bila hata mmoja wa kumpungia mkono, ndipo akafunga. Nikaenda kumchukua, akaja kukaa nami Ilemela.

Ninapanga vyumba viwili mlimani, katikati ya mawe. Nafanya kazi kiwanda cha samaki, upande wa minofu ya sangara, na jioni narudi vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Mama alikuwa ameshatangulia. Kaka yangu, ambaye ndiye ndugu yangu pekee, anauza vipuri vya pikipiki huko Geita na alikuja kututembelea kwa nadra. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na Baba, na sigara zake.

Alivuta tangu kabla sijazaliwa. Kule Busisi upepo wa ziwa ulichukua moshi na kikohozi pamoja, sikuvitilia maanani. Ndani ya vyumba viwili nilivisikia vyote. Alikohoa akiinama, mkono umeshika ukuta, mpaka midomo inabadilika rangi. Nilimpeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alituonyesha picha ya kifua na kusema mapafu yamechoka sana. Akamwambia, "Mzee, sigara uache. Usipunguze. Uache."

Baba akaitikia, "Nimesikia, daktari." Tulipofika getini akawasha.

Tulijaribu karanga, pipi za tangawizi, kutafuna mizizi aliyoleta shangazi kutoka Sengerema. Hakuna kilichoshika. Hakuwa mkaidi. Alikuwa mtu asiye na kazi, na sigara ilikuwa kitu pekee mikono yake ilichobaki kukijua.

Siku moja mwenzangu wa kiwandani akanipa vepu, sigara ya umeme, ile ya kutumia na kutupa, aliyoletewa na mdogo wake kutoka Dar. Akaniambia mdogo wake aliachia hapo sigara. Sikujua kama ni kweli. Nilijua tu kwamba nimechoka kusikiliza kikohozi. Nikampelekea Baba. Akavuta mara mbili, akakunja uso.

"Tamu kama dawa ya watoto," alisema. "Ikiisha inafanywaje?"

"Inatupwa, Baba."

"Inatupwa? Kitu chenye betri nzima?"

Ilipoisha hakuitupa. Nilimkuta kizingitini amekaa na kisu chake kidogo, ameipasua kama mtu anayetoa matumbo ya sato. Mapajani mwake palikuwa na gazeti, na juu ya gazeti betri, kipande cha pamba kilichoungua na kiwaya kidogo kilichosokotwa, kinachong'aa. Alikiinua kwa kibano akakielekeza kwenye mwanga.

"Mama, njoo uone," aliniita hivyo kila alipokuwa na furaha. "Kumbe ni koili tu. Koili na pamba! Kwa nini wameifungia ndani mtu asiitengeneze?"

Tangu ahamie kwangu sikuwahi kuisikia ile sauti.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda mjini. Nilikuwa nimeelekezwa duka moja linalouza simu, manukato na vepu, la familia ya wafanyabiashara waliokaa Mwanza vizazi kadhaa. Dukani tulimkuta mama mmoja aliyejifunga mtandio wa kijani. Akamwamkia Baba, "Shikamoo mzee wangu," na Baba akaitikia marahaba huku macho yake yameshafika kwenye kioo cha kaunta.

Nikamweleza yule mama kwamba mzee anataka ile ambayo koili yake mtu anaweza kuisuka mwenyewe. Alitutazama kwa zamu, akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Zipo. Mume wangu anatumia hizo. Lakini zinataka subira." Akatoa mashine, kijisanduku chenye betri na kitufe. "Hii ni nguvu tu. Kazi yote iko kwenye kichwa kinachofungwa hapa juu. Wenyewe wanakiita atomaiza. Sasa vichwa viko vya namna namna."

Akapanga vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa kinene, kinang'aa kama pete ya harusi, kinabeba koili mbili. Cha pili kilikuwa na kitangi cha kioo cha kuhifadhi juisi, maana ndivyo wanavyoita yale maji yanayogeuka mvuke. Cha tatu kilikuwa kifupi, cheusi, hakina urembo wowote. Ukikifunua kofia unaona kiwanja kidogo cha chuma, nguzo mbili zenye matundu, na skrubu pembeni.

Mimi nilivutiwa na chenye tangi. Nilifikiri mzee atajaza asubuhi, nami niende kazini bila wasiwasi.

"Hicho ni kizuri kwa aliyekwisha kuzoea," yule mama akasema. "Pamba ukiikata vibaya kidogo tu, juisi inamwagika mfukoni au inakosa kufika kwenye koili, na huoni kosa liko wapi kwa sababu limefunikwa. Hiki kifupi unakidondoshea juisi mwenyewe, matone machache kila baada ya kuvuta. Ni usumbufu. Ila kila kitu kiko wazi. Ukikosea unaliona kosa lako."

"Na hiki cha koili mbili?" nikauliza.

Baba akanijibu yeye. "Koili mbili lazima zilingane. Moja ikizidi, nyingine inabebwa. Anayejifunza hapewi mota ya fezi tatu." Alikuwa ameshakichukua kile kifupi, amekisogeza karibu na jicho lake la kushoto, lile lililobaki na nguvu. Akapitisha ukucha kwenye tundu. "Matundu makubwa. Skrubu inabana kwa ubavu, waya hautakatika. Na pana nafasi ya vidole." Akavitazama vidole vyake. "Vya kwangu vinatetemeka siku hizi."

Aliyasema hayo kwa yule mama, wala si kwangu. Mimi nilijifanya naangalia manukato.

Akauliza waya. Nyumbani alikuwa na shaba yake ya kusukia transfoma, akadhani itafaa. Yule mama akatikisa kichwa haraka. "Hapana mzee wangu, shaba usithubutu. Nyembamba ile inakuwa shoti, na rangi yake ikiungua unavuta sumu." Akatupatia kibunda cha waya mgumu wa kijivu, pamba safi, na chupa ya juisi isiyo na harufu ya matunda. Wakati tunatoka akamwambia, "Mzee, koili ya kwanza itakukasirisha. Ya pili pia."

Alisema kweli. Baba alizungusha waya kwenye bisibisi yake nyembamba, mzunguko baada ya mzunguko, na hapo mikono ilikumbuka yenyewe, haikutetemeka. Lakini kuingiza ncha kwenye matundu ilikuwa shida. Alikosa, akakosa tena, akafuta jasho. Nikaomba nimsaidie.

"Ngoja."

Nikangoja. Mwisho akanisogezea. Nikaingiza ncha zote mbili, yeye akakaza skrubu. Alipobonyeza kitufe mashine ikakataa. Alichukua mita yake ya zamani, akapima, akagundua ncha moja ya waya imebaki ndefu, inagusa ukuta wa chuma. Akaikata. Safari hii koili ikawaka nyekundu, lakini ukingoni tu. Akaibana taratibu kwa kibano ikiwa imepoa, akabonyeza tena, mpaka wekundu ukaanzia katikati na kutambaa kwenda pembeni. Tuliinamia ile nyekundu ndogo, vichwa vyetu karibu kugusana.

Kisha akaiharibu kwa pamba. Aliishindilia kama mtu anayejaza mto. Juisi haikupita, akavuta pamba iliyoungua, na kile kikohozi kilichofuata kilinitoa machozi mimi, si yeye. Nilimshika mgongo nikahisi mbavu zote.

"Tuache, Baba."

"Kosa nimeliona," alisema alipopata pumzi. "Pamba nyingi."

Wiki zile ndizo nzuri tulizopata. Nikirudi kazini namkuta kibarazani, meza yake mbele, koleo, kibano, mkasi wa Mama wa kucha. Sigara zilipungua kweli. Jirani yetu, mzee mmoja wa Kikerewe, alikuja kushangaa lile wingu jeupe na kusema Baba amekuwa treni. Baba alicheka. Alimfundisha hata namna ya kujua pamba imekaa sawa: ukiivuta, koili itikisike kidogo bila kupinda. Nilikwenda tena kwa yule mama kununua waya, nikamwambia mzee anaendelea vizuri. Nilijisikia fahari, niseme ukweli.

Daktari nilimweleza tulipokwenda kuangaliwa. Hakufurahi. Alisema kifua kile hakitaki kitu chochote zaidi ya hewa, na kwamba kama hiki ni daraja la kuachia basi tulivuke haraka. Baba akaitikia kama anavyoitikia siku zote.

Kisha nikaanza kuona jambo. Kwenye kopo la maziwa juu ya meza koili zilikuwa zinaongezeka. Alisuka, akafunga, akaiwasha iwe nyekundu, akaizima, akaifungua, akaiweka koponi. Asubuhi inayofuata anasuka nyingine. Juisi ndani ya chupa haikupungua. Na shati lake lilianza kunuka tena ile harufu ninayoijua tangu utotoni.

Jumapili moja nilitoka kanisani mapema, nikamkuta nyuma ya jiwe kubwa lililo juu ya nyumba, mahali ambapo ziwa linaonekana lote hadi kwenye mitumbwi. Amechuchumaa, sigara vidoleni. Hakuificha.

"Baba, ile mashine haikufai?"

"Inafaa."

"Mbona huitumii?"

Alivuta, akakohoa, akasubiri kikohozi kimalize. "Mama, usinikasirikie. Kwa ile umeniletea kazi. Nimefurahi, maana sikuwa na kazi. Lakini hii," akaitazama sigara kama mtu anayemtazama ndugu mlevi, "hii ni yangu ya siku nyingi. Naona tutaondoka wote."

Nilikaa tu pale kwenye jiwe, sketi yangu ya kanisani ikichafuka, mpaka alipomaliza. Kisha nikamshika mkono tukashuka, kwa sababu kushuka peke yake hakuweza tena.

Mvua za vuli zilimkuta hajiwezi. Alilala kwa kukaa, ameegemea ukuta, maana akilala chali pumzi inakatika. Akalazwa, akawekewa oksijeni. Nilizunguka kati ya kiwanda na wodi nikinuka samaki, na wagonjwa wa jirani wakivumilia. Kaka alikuja kutoka Geita akakaa siku chache. Baba hakuwa na pumzi ya kuongea, alikuwa akizungusha tu kidole gumba kwenye kidole cha shahada, polepole, juu ya shuka. Kaka aliniuliza anafanya nini. Nikasema anasuka. Hakuelewa. Baba alifariki asubuhi, wakati nesi anabadilisha zamu.

Tulimzika Sengerema, pembeni ya Mama. Baada ya maziko, ndugu wakiwa wamekaa kwenye turubai, kaka alinifuata nilipokuwa naosha masufuria. Alikuwa amekwisha kuchungulia begi la vitu vya Baba. Alikuwa ameshika ile mashine.

"Hii ulimnunulia wewe?"

"Mimi."

"Mtu mgonjwa wa mapafu. Daktari anamkataza, wewe unakwenda dukani kumchagulia moshi mwingine."

"Nilitaka aache sigara."

"Aliacha?"

Shangazi alikuwa ameinua uso, wanawake wengine nao wakaacha kusugua. Ningeweza kumwambia habari za kile kisu kizingitini, namna Baba alivyoniita nikaone, na zile wiki za kibarazani. Ningeweza kumuuliza yeye alikuwa wapi. Lakini alikuwa analia huku anaongea, kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, na nilijua anatafuta mahali pa kuuweka msiba wake. Aliuweka kwangu. Nikaendelea kuosha.

Baadaye nilimwendea yule daktari, nikamuuliza wazi kama kile kifaa kilimharakisha. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema mapafu yale yaliharibika miaka mingi nyuma, lakini kama nataka aniapie kwamba mvuke haukuongeza kitu, hawezi kuniapia. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani.

Kaka hajanipigia tangu msiba. Humpigia shangazi, na shangazi hunieleza kwamba ameulizia hali yangu. Namwambia amjibu kwamba nipo, nafanya kazi. Shangazi huuliza kama kuna lingine la kumfikishia, nami kila mara nafikiri, kisha namwambia hapana.