Inkubeta na Bruda

Mimi ni mtu wa kujua kila kitu, hasa kikiwa cha Kiingereza. Mama mdogo, aliyenilea kijijini Lambwe baada ya dada yake, mama yangu mzazi, kufariki, huniamini kupita kiasi. Magoti yake yalipokataa jembe, aliamua kufuga kuku. Akiba yake yote ikaenda kwenye mayai ya kuku wazuri, nami nikatumwa mjini Migori kununua mashine ya kuyaangua.

Muuza dawa za mifugo aliniuliza kama nataka inkubeta peke yake au na bruda pia. Nilimwona mjanja. Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, joto ni joto, asinifanye mshamba. Nikabeba inkubeta.

Vifaranga walianguliwa Jumatano. Mama mdogo aliuliza kama tuwatoe, nikamwambia wakae humo humo, mashine ndiyo mama yao. Ijumaa wakaanza kufa. Kufikia Jumamosi asubuhi walikuwa wamekufa kumi na wawili, naye hakunilaumu, jambo lililonichoma zaidi. Nikampigia simu yule muuzaji, nimenywea. Alinieleza bila kunicheka: inkubeta huangua tu, na ikishaangua imemaliza kazi. Bruda ndiyo hulea, yenye joto linalopunguzwa kila wiki, hewa, maji na chakula.

Nilipomweleza mama mdogo, alikuwa amekwishavaa nguo za kanisani. Sisi ni Wasabato, na nyumbani kwetu jiko haliwashwi Jumamosi, siku ya Sabato. Chakula hupikwa Ijumaa. Nilijua tungengoja jua lizame, na sikutaka kufikiria wangebaki wangapi.

Akavua viatu. Akawasha makaa, akayatia kwenye chungu na kuyafunika kwa majivu, akazungushia katoni. Kisha akawatoa vifaranga mmoja mmoja, akichovya kila mdomo kwenye maji kuwafundisha kunywa. Nikamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba ni Sabato.

"Najua, nyathina, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Mara ya mwisho kuwasha moto Sabato ilikuwa kwa ajili yako. Mama yako tulikuwa tumemzika Alhamisi, na wewe hukuwa umemaliza wiki mbili tangu kuzaliwa. Mwili wako ulikuwa baridi."

Machozi yakanitoka, sikuyaficha. Nikachuchumaa kando yake, nikamshikia bakuli la maji.