Mlango wa Tanganyika Ulipopita Manyoni

Nilikwenda Manyoni kwa sababu ya neno moja katika barua. Yohana, kijana wa kwetu Iguguno aliyeajiriwa reli huko Dar es Salaam, alimwandikia baba yake, Mzee Kitundu. Mimi ni mwalimu wa shule ya kijiji, basi nikaitwa kuisoma. "Baba," aliandika, "nimechaguliwa kuwa mlinda mlango wa Tanganyika. Jumamosi treni yetu itasimama Manyoni. Tunakwenda Uganda kushindania kombe."

Mzee aliomba nirudie. Kisha akasema, "Nilimsomesha awe karani. Amekuwa bawabu?"

Nikamwambia ni mambo ya mpira. Hakuamini. Aliwahi kwenda bomani Singida, na mlinda mlango akamsimamisha juani tangu asubuhi hadi ofisi zikafungwa, akimwita mzee wa ng'ombe. "Mwanangu hatafanya kazi ya yule mtu," alisema. "Nakwenda kumshusha. Atarudi kuchunga."

Nilimjua Yohana: baba yake akisema shuka, atashuka. Tanganyika ingekwenda bila kipa, naye angepoteza kazi ya reli. Nikamwomba mwenzangu anishikie darasa, nikafuatana na Mzee.

Alhamisi alfajiri tulipata lori la ngozi, tukakaa juu ya mzigo. Harufu ilikuwa kali, lakini upepo ulitusaidia. Kati ya mawe makubwa ya Singida, yaliyobebana kama watoto mgongoni, nilianza somo langu. Nilimweleza kwamba mwanzo kombe hilo walishindania Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika tulikaribishwa baadaye, na miaka ya kwanza tulikwenda kufungwa na kurudi. Zanzibar nao wakaja nyuma yetu. Sasa tumeanza kuogopwa.

"Na huo mlango," aliuliza Mzee, "una kufuli?"

"Hauna hata mbao, Mzee. Ni milingoti miwili na mwamba juu."

"Mwalimu, unanificha jambo. Mlango usio na mbao unalindwa nini?"

Ijumaa tulifika Ikungi, tukakaribishwa kwa Mama Hadija, mjane mcheshi anayewapokea wasafiri. Alitupa ugali wa uwele na maziwa ya mgando. "Na huyo mwanao wa Dar es Salaam, baba, anafanya kazi gani?" aliuliza.

Mzee alitazama kibuyu cha maziwa. "Yuko reli," alijibu, asiseme zaidi. Nilichora uwanja mavumbini kwa kijiti, nikaweka punje za mtama kuwa wachezaji. Kuku wa Mama Hadija akala timu ya Uganda yote. Mwenye nyumba alicheka hadi akashika mbavu. Mzee hakucheka.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa stesheni ya Manyoni, kati ya wauza karanga na mayai. Treni ilipoingia, vijana wenye fulana za namna moja waliteremka kujinyoosha wakati injini ikijazwa maji. Yohana alikuja mbio, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chukua mzigo wako."

Wenzake wakasogea karibu. Nahodha wao, mtu wa Tanga, alijaribu utani. "Mzee wangu, ukimchukua huyu, basi tuachie hiyo fimbo tuisimamishe golini."

"Fimbo hii haiendi Uganda," alijibu Mzee, "wala huyu haendi."

Nilifungua mdomo nianze tena habari za milingoti. Yohana akanitangulia, kwa sauti ya chini. "Baba, unakumbuka ndama? Mama alipokuwa akikamua, ulinisimamisha mlangoni mwa zizi wasipite kwenda kunyonya."

"Nakumbuka."

"Ni kazi hiyo hiyo. Wanakuja watu kumi na moja, wote wanataka kuupitisha mpira. Mimi nasimama."

"Na ukipita?"

"Maziwa yamekwenda."

Mzee alishusha fimbo. "Na nchi nzima imekuweka wewe mlangoni?"

"Mimi, baba."

Filimbi ya kwanza ililia. Mzee alimpa kibuyu cha asali, akamshika bega. "Usitazame macho ya ndama. Macho hudanganya. Tazama mabega, ndiyo yanayokwenda kwanza."

"Umesikia, kipa?" alisema nahodha. "Hilo hata kocha hajatufundisha."

Treni ikaondoka na Yohana akiwa ndani.

Jumapili, tukirudi, Mama Hadija alisikia habari yote kutoka kwa Mzee mwenyewe, bila kijiti wala mtama, na akaielewa mara moja. Nami nilisikiliza kama mwanafunzi. Tangu siku ile, kabla sijachora chochote ubaoni, huwauliza kwanza watoto nyumbani kwao kuna nini.

Barua ya pili ilichelewa. Niliipeleka kwa Mzee jioni, akiwa zizini, nikaisoma polepole kwa sababu haikuwa na habari njema. Uganda walikuwa wametufunga.

"Ndama wangapi walipita?" aliuliza.

"Mmoja, Mzee. Dakika za mwisho."

Alifunga mlango wa zizi, akautikisa kuona kama umeshika. "Kaa uandike jibu," alisema. "Mwambie arudi mlangoni mwakani. Ndama mmoja hamalizi maziwa."