Kahawa ya Polikarpo Inapita Mbio

Polikarpo alilima kahawa maisha yake yote kule Ruanda, kwenye milima ya Mbinga, katika mteremko ambako baba yake ndiye aliyeipanda mibuni, na kama wakulima wengi wa zao hilo duniani, yeye mwenyewe alikunywa chai. Kahawa aliijua kwa meno. Aliing'ata punje, ikilia kavu, akaridhika.

Mkewe alipofariki, mwanawe Nicolaus alimteremsha Lipingo, kwenye nyumba yake kando ya ziwa, na shamba likawa la kubishaniwa. Nicolaus alitaka kung'oa mibuni apande maparachichi. Mzee alikataa.

"Basi tuiache kahawa ijitetee yenyewe," Nicolaus alisema siku ya Pasaka. "Pentekoste, tukitoka misa, nitaionja. Ikiishinda ya dukani, mibuni ibaki. Isipoishinda, baba, usinilaumu."

Jacqueline, mke wa Nicolaus, alikuwa na mashine ya kahawa aliyoinunua Dar es Salaam, ile inayosukuma maji ya moto kwa nguvu na kutoa kahawa nzito katika vikombe vidogo. Polikarpo akapeleka kahawa yake Mbinga mjini, ikachomwa, akarudi na mfuko uliofungwa vizuri. Akaufungua siku hiyohiyo. Ziwani kuna unyevu, na mkulima gani anaacha kahawa ndani ya mfuko iote ukungu? Kila asubuhi aliimwaga juu ya wavu, kama alivyoanika shambani, akaigeuzageuza kwa kiganja mpaka jioni.

"Shikamoo, baba," Jacqueline alimwamkia akipita na ndoo.

"Marahaba, mama. Unaona, harufu imepungua. Inakauka."

"Naona, baba."

Pentekoste ikafika. Jacqueline akaisaga, akaijaza kwenye kichujio chenye mpini, akawasha mashine. Kahawa ikamwagika kama bomba lililopasuka, rangi ya chai ya jana, na kikombe kikajaa kabla Nicolaus hajavuta kiti.

"Saga laini zaidi," alisema Nicolaus.

Akasaga laini. Ikapita mbio. Akaongeza kahawa kwenye kichujio. Ikapita mbio. Polikarpo akaomba aishindilie mwenyewe, akailalia kwa mabega yote mawili, mishipa ya shingo ikamtoka. Safari hii ilitoka ikirukia pembeni, bila hata chembe ya povu.

Nicolaus alionja, akatema kwenye sinki. "Baba, haya ni maji ya kuoshea sufuria."

"Usimtukane baba," Jacqueline alisema, akicheka. "Maji ya sufuria angalau yana mafuta."

Akatia ya dukani. Ikashuka polepole kama asali, na povu la kahawia juu. Nicolaus akainywa yote, akamgeuzia baba yake kikombe kitupu, akatoka.

Polikarpo alibaki amekaa. Jacqueline alikuwa akisuuza vikombe alipomwambia, bila kugeuka, "Baba, kahawa ikishachomwa haianikwi. Inafungiwa. Jua na hewa vinaiua, na iliyokufa haizuii maji. Hata ungeishindilia kwa trekta."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza nilipokuona na wavu."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Mkulima si wewe, baba? Mimi ni nani nikufundishe kuanika?" Akafuta mikono. "Halafu na mimi nayataka hayo maparachichi."

Nicolaus alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Nicolaus," mzee alisema, "nipe nafasi nyingine. Nitachoma nyingine, sitaianika."

"Vibarua nimeshawaita, baba. Tangu Ijumaa."

Nicolaus na vibarua wakapanda na mzee hadi Ruanda, maana mipaka ya shamba aliijua yeye peke yake. Vibarua walianza upande wa juu, wakikata kwa mashoka usawa wa goti, wakitaniana, wakiburuta matawi yenye matunda mekundu. Polikarpo aliwatazama kwa muda, kisha akamwendea aliyekuwa karibu.

"Hivyo siyo. Ukiacha kisiki, kitachipua."

"Si ndiyo vizuri kwako, mzee? Nasikia ulikuwa unaililia."

"Kitachipua, na mtakuja kukikata tena nami nipo, nikitazama." Akamnyang'anya shoka, akampa jembe lililokuwa pembeni, akapiga magoti, akaupapasa udongo mpaka akaupata mzizi mkuu. "Ni huu. Chimba hapa."